Wivu Haukutolewa Pamoja na Tezi

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Na wenzetu wa upande wa pili, Bwana asifiwe. Mlionizidi umri, shikamooni. Na nyie mnaojifanya wadogo ili mniamkie, haya, leo nawapokea, marahaba.

Mwenyekiti wa umoja wetu huu wa akina mama kaniomba nisimame hapa kwa sababu kuna mmoja wetu kaambiwa ana kitu kifuani na anatakiwa afanyiwe upasuaji. Simtaji, na yeye asijitaje kama hataki. Kaambiwa kwake inawezekana kufanyiwa ule wa matundu madogo, hajui ni nini, anaogopa, na kila jirani ana lake la kumwambia. Mwenyekiti akasema, "Wewe umepita huko, zungumza." Nikamjibu nitazungumza, ila itabidi niseme yote. Maana habari ya kifua changu siwezi kuisimulia nikaacha habari ya wivu. Vilinishika pamoja.

Wengi hapa mnanijua kwa kaswida. Msionijua, mie ni mtoto wa Newala, niliolewa nikaletwa hapa Mabibo, mume wangu anauza ndizi pale sokoni. Nikajiunga na kikundi cha kaswida cha akina mama, na baada ya muda nikawa ndiye ninayetoa sauti. Maana yake mie naanza peke yangu, dufu limetulia, watu wote kimya, halafu wenzangu wanaitikia. Nilikuwaga nakaa katikati, mbele, kipaza sauti changu. Watu wakija kutualika kwenye shughuli hawaulizi kikundi kitakuja, wanauliza mimi nitakuwepo? Sisemi kwa kujisifu. Eti sisemi kwa kujisifu! Jamani, nasema kwa kujisifu. Nilikipenda kiti kile kuliko nilivyopenda kula.

Sasa, kulikuwa na binti mmoja. Alitoka madrasa ya hapa hapa mtaani, mpole, haongei. Nilimpokea mwenyewe kwenye kikundi, nikamfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo badala ya kifua, nikamfundisha wapi pa kukata neno na wapi pa kuliburuza. Ananiita mwalimu. Mkumbukeni huyo.

Ugonjwa ulinianza kwenye shughuli ya mchana, Tabata. Naimba, kope la jicho la kushoto likashuka. Nalinyanyua, linashuka. Video ilipozungushwa kwenye kundi, watu wakanitania, "Shoga, ulikuwa unamkonyeza nani?" Nikacheka nao. Wiki zilizofuata nikaanza kuona vitu viwili viwili. Bibi harusi mmoja mie naona wawili. Asubuhi naamka mzima kabisa, nafagia, nachota maji. Jua likipanda nachoka kama nimelima shamba zima. Chai inanipalia. Nyama naitafuna mpaka taya linagoma, naiweka pembeni ya sahani kwa siri.

Na sauti. Ubeti wa kwanza unatoka sawa. Wa pili sawa. Ukifika wa tatu, sauti inapanda puani, inakuwa kama ya mtu anayeongea kabana pua. Mie!

Watu wakasema presha. Wengine wakasema nimepooza upande. Jirani akanishika mkono akaninong'oneza, "Hilo jicho la watu, dada. Umependwa mno." Na mimi nikaamini, nawaambia ukweli. Nikaanza kuwahesabu kichwani wanaonionea wivu. Kila aliyeniangalia sana nikamtilia shaka. Nilikuwa namtafuta hasidi nje, na wakati huo hasidi mwenyewe alikuwa anaota ndani yangu.

Maana siku ya maulidi, pale msikitini kwetu, sauti ilinikata katikati ya ubeti. Ilikatika kabisa, mdomo unacheza hakuna kitu. Kabla watu hawajaelewa, nyuma yangu sauti ikaudaka ubeti. Palepale nilipoachia. Yule binti. Hakukosea hata herufi moja. Akaubeba mpaka mwisho, na akina mama wakapiga vigelegele.

Ndugu zangu, nawaambia, vigelegele vile viliniingia kama pilipili machoni. Mtu mwenye akili angesema alhamdulillah, mwanafunzi wangu kaniokoa aibu. Mie nilisema moyoni, "Alikuwa anangoja." Nikageuka kumtazama, nikamwona na jasho usoni, na bado nikasema, "Alikuwa anangoja huyu."

Tangu siku hiyo mialiko ikaanza kusema, "Njooni, na yule binti awepo."

Mume wangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Tulianza kwa daktari wa macho, akanipima akasema macho hayana tatizo, akaniandikia niende hospitali kubwa. Huko nikampata daktari wa kike, kijana, mpole wa maneno. Akaniambia nitazame juu, dari, nisipepese. Nikatazama. Kope likaanza kushuka polepole, lenyewe. Akasema, "Mama, hujapooza. Misuli yako inachoka haraka kwa sababu kinga ya mwili wako imekosea, inapigana na wewe mwenyewe." Akanipa kidonge. Nikakaa kwenye benchi. Baada ya muda kope likapanda, mume wangu akaruka kama kaona mwezi wa Idi.

Wakanipiga picha ya kifua, ile ya kuingizwa kwenye mashine ya duara. Ndipo wakaona. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi. Kila mtu anayo, utotoni inafanya kazi, ukubwani inatakiwa isinyae ilale. Yangu haikulala, na ilikuwa na uvimbe.

Nikapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Mtu mzima, anaongea taratibu, anachora kwenye karatasi. Akasema, "Tezi hii inabidi itoke. Njia ya kwanza ni kuupasua mfupa wa kifua katikati, tunafungua, tunatoa, tunafunga kwa nyaya. Njia ya pili ni kutoboa matundu madogo ubavuni, tunaingiza kamera na vifaa vyembamba, tunaitoa humo humo. Kwako uvimbe si mkubwa na picha inaonyesha haujashika mishipa. Naweza kujaribu ya pili."

Nikauliza, "Ipi napona haraka?"

"Matundu. Maumivu ni kidogo, unarudi nyumbani mapema zaidi."

"Basi hiyo. Nitaimba lini?"

Akaweka kalamu chini. "Mama, nisikilize vizuri. Kidonda kupona ni jambo moja, ugonjwa kupungua ni jambo jingine. Nguvu zinaweza kurudi baada ya miezi mingi, wengine mwaka na zaidi, na wengine wanaendelea na vidonge. Siwezi kukuahidi sauti. Na lingine, nikiingia kwa matundu nikakuta uvimbe umegandana na mshipa mkubwa, nitafungua kifua siku hiyo hiyo, kwa usalama wako. Ukikubali, unakubali yote mawili."

Mnajua nilisikia nini katika yote hayo? Nilisikia "mapema." Nikapiga hesabu yangu. Nikifanyiwa matundu, nikarudi mapema, yule binti hatapata muda wa kukizoea kiti changu. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kuchagua matundu. Sikufikiria uvimbe wala watoto wangu.

Pale kliniki alikuwepo mama mmoja aliyekwisha kufanyiwa. Kakaa anakunywa juisi kwa mrija, anacheka, kope zote mbili zimesimama. Akaniambia, "Usiogope, mie hata kovu silioni nisiposhika." Nikamshukuru kwa mdomo. Kwa moyo nikasema, kwa nini huyu? Yeye haimbi popote, kope anazifanyia nini? Tazameni nilipofika. Nilimwonea wivu mtu hata kwa kope.

Basi wakanipangia tarehe. Nikaangalia, ikaangukia ndani ya msimu wa mialiko. Nikaona nikilala hospitali wakati ule, nimemkabidhi binti kikundi kizima. Nikarudi nikaomba isogezwe mpaka msimu uishe. Daktari wa kike akasema, "Sikushauri. Ukipata mafua tu hali inaweza kubadilika." Nikasema nina dharura ya familia.

Mume wangu alipojua alikuwa anapanga mikungu ya ndizi. Aliacha, akafuta mikono. Akaniuliza, "Mama, wewe unataka kupona au unataka kushinda?"

Nikamwambia haelewi mambo ya kaswida.

"Sielewi kaswida," akasema. "Nakuelewa wewe."

Tarehe nikaisogeza hivyo hivyo.

Mafua yalinipata kweli. Mafua ya kawaida, yale ya kila mtu mtaani. Mtu mwingine anakunywa tangawizi anaendelea. Mie nikaenda mazoezini Jumamosi, uani pale madrasa, na homa yangu, kwa sababu nilisikia binti atajaribu kaswida mpya. Nikakaa kwenye kiti cha mbele. Nikafungua mdomo, sauti haipo. Nikataka kumeza mate, hayashuki. Shingo ikalegea, kichwa kikaangukia kifuani kama cha kuku aliyechinjwa. Na pumzi ikawa fupi. Nasikia kila kitu, naona mikeka, naona viatu vya watu, siwezi kusema hata "nakufa."

Wenzangu wakapiga kelele. Mmoja anasema mlazeni, mwingine anasema mletee maji, mwingine kaanza kunisomea. Kila mtu kwa mapenzi yake. Na kama wangenilaza wakanipa maji, leo mngekuwa mnanisomea hitima.

Yule binti asiyeongea akapaza sauti. "Msimlaze! Asipewe maji, atapaliwa!" Akaja mbele yangu, akapiga magoti, akaweka kiganja chake chini ya kidevu changu, akanyanyua kichwa, akaniinamisha mbele kidogo ili mate yatoke. Kwa mtandio wake akanifuta. "Iteni bajaji."

Safari yote alikaa hivyo hivyo. Mkono mmoja mgongoni, mmoja kidevuni. Bajaji inaruka kwenye mashimo, mkono hautoki. Anapochoka anabadilisha, na anapobadilisha haachii mpaka mwingine umeshika. Mate yangu yanamwagikia baibui lake. Na mie namtazama kwa karibu kabisa, uso kwa uso, mtu ambaye nilikuwa naomba akaukwe na sauti. Ndiyo. Niliwahi kuomba hivyo, na nilikuwa kwenye mswala.

Nilitiwa mashine ya kupumulia. Sitawaeleza yote ya chumba kile. Nitasema tu kwamba pumzi ni kitu usichokiona thamani mpaka ukaisikia inaingizwa na mtambo, na mtambo hauulizi wewe ni nani na unakaa kiti gani.

Walinipa dawa za mishipani, nguvu zikarudi kidogo kidogo, mashine ikatolewa. Nimebaki na mpira wa hewa puani, sauti ya kunong'ona. Binti akaja kunitazama. Akakaa pembeni ya kitanda. Nikamuuliza, "Ulijuaje habari ya kidevu?"

Akasema, "Nakuonaga, mwalimu. Ukichoka mazoezini unashika kidevu kwa kidole, kama mtu anayewaza. Nikajua huwazi. Nikamfuata baba mkubwa nikamuuliza, akaniambia daktari alisema usilazwe ukizidiwa."

Baba mkubwa ni mume wangu, ndivyo anavyomwita. Kumbe binti alikwenda mpaka sokoni kuniulizia, na mie nilikuwa nampita njiani bila salamu.

Halafu akainama akaanza kulia. Akasema, "Mwalimu, rudi. Mie nimechoka. Kila nikimaliza kuimba watu wananifuata, wananiambia umejitahidi. Wewe walikuwa hawakuambii umejitahidi. Wewe walikuwa wanalia. Nakuonea wivu tangu niko mdogo. Nilifikiri nikikaa pale mbele wivu utaniisha."

Akina mama, niseme kweli mbele ya Mungu. Nilifurahi! Nimelala na mpira puani, nusura nife, na nikasikia kwamba huyu anaambiwa "umejitahidi," na nikafurahi. Kisha nikamwangalia tena. Macho mekundu, baibui lile lile. Nikaona anaumwa ninachoumwa mie. Wote wawili tumekaa tunakodoleana macho kwa ajili ya kiti, na mmoja wetu bila mkono wa mwenzake asingekuwa na pumzi ya kukikalia.

Nikamshika mkono. Nilichoweza kusema ni, "Na mimi nakuonea." Tukatazamana. Akacheka kwanza yeye. Mie nilijaribu kucheka, sura ikagoma kwa ugonjwa, nikawa nimenuna huku nacheka, naye akazidi.

Hapo ndipo nilipopinduka. Daktari wa upasuaji alipokuja, alisema hawezi kunigusa mpaka nitengemae, kwa hiyo ile haraka yangu ya kukiwahi kiti ilikuwa imenichelewesha. Nikamwambia, "Nieleze tena, daktari, kama vile hujawahi kunieleza." Akavuta kiti. Safari hii niliuliza mengine. Nikishalazwa usingizi, pafu langu linafanywaje? Akasema moja wanalipumzisha ili wapate nafasi ya kuona, kisha wanalijaza tena. Umefanya ngapi za namna hii? Akanijibu bila kuona vibaya. Nikiamka nikashindwa kupumua, mtafanya nini? Akaniambia. Na mkilazimika kunifungua kifua? "Utakuwa na kovu refu, na utachukua muda zaidi, na utakuwa hai." Nikasema, "Basi chagua linaloitoa tezi yote. Matundu yakitosha, alhamdulillah. Yasipotosha, fungua." Mume wangu alikuwa kasimama mlangoni, akageuka ukutani akajifuta macho na fulana.

Matundu yalitosha. Nilizinduka na mpira ubavuni wa kutoa maji na hewa, na maumivu yapo, asikudanganye mtu. Kukohoa nilikumbatia mto. Mbavu zilikuwa zinawaka nikigeuka, na kwa muda mrefu ngozi chini ya ziwa ilikuwa na ganzi, sidiria inanikera. Lakini niliwahi kutembea, niliwahi kurudi nyumbani, na uvimbe ulipopimwa wakasema umetoka mzima na hauhitaji tiba nyingine, kufuatiliwa tu.

Nguvu zilikuja kama daktari alivyosema, kwa miguu ya kinyonga. Kope lilipanda, likashuka, likapanda. Vidonge bado nanywa, vichache kuliko zamani. Naweza kutafuna nyama, na sasa hivi mnaniona, nimesema muda wote huu na sauti haijaingia puani.

Kikundini nilirudi. Kiongozi wetu akaniweka nyuma, kwa waitikiaji. Alisema kwa upole, "Kwa sasa." Sauti ya juu haijarudi, na huenda isirudi. Siku ya kwanza nyuma, kwenye harusi, binti yuko mbele, akaanza peke yake, dufu limetulia. Mnataka niseme wivu ulikuwa umeondoka? Daktari alitoa tezi, wivu haukuwa kwenye tezi. Ulinishika tena. Nikauona ulivyokuja. Kisha zamu yetu ikafika, nikaitikia. Niliitikia kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Binti akaisikia sauti yangu mgongoni, na ubeti uliofuata aliimba kama sijawahi kumsikia akiimba. Mama wa bibi harusi akalia. Shughuli ilipokwisha hakuna aliyemwambia umejitahidi.

Niliumia. Na nilifurahi. Vyote viwili, kwa pamoja, na mpaka leo viko hivyo. Ila sasa wivu ukinijia namwambia binti mwenyewe, "Leo umenishika." Naye ananiambia wake. Tunaunywea chai.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia pumzi. Namshukuru mume wangu, aliyeuza ndizi mchana na kukaa benchi la hospitali jioni. Nawashukuru madaktari na manesi, hasa waliokuwa wananigeuza bila kuchoka. Nawashukuru nyie mliopika, mliofua, mliokaa na wanangu. Na namshukuru binti, ambaye yupo hapa leo na kainamisha kichwa, msimtazame.

Na wewe mwenzetu mwenye kitu kifuani. Kila kifua na ugonjwa wake, mie siyo daktari wako. Inawezekana matundu yakakufaa, inawezekana yasikufae, na ukiambiwa yako ni ya kufunguliwa usilie kwamba fulani kapata matundu. Nenda ukaulize. Usione haya kuuliza mara mbili. Uliza ikishindikana watafanya nini. Usichague njia kwa sababu ya mtu unayetaka kumwahi, wala usisogeze tarehe kwa sababu ya kiti. Kama huna wa kwenda naye kliniki, mie nitakusindikiza, na nikichoka njiani utanishika kidevu.

Makovu yangu ni madogo, yako chini ya kwapa. Hakuna mwanaume humu? Haya, anayetaka kuyaona asogee.